Kisiwa Kinapiga Pasipoti

Mama Sakina alikuja studio mchana wa jua kali, saa ambazo kwa kawaida huwa amelala. Nilimwona kupitia kioo cha mlango, amesimama nje na mfuko wa chevda za kutafuna mkononi, anasoma bango la bei kana kwamba si yeye aliyelipanga. Nikatoka haraka. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, Waza. Una wateja?" Sikuwa na wateja. Akaingia, akakataa kiti cha ofisini nilichomvutia, akakaa kwenye kile kigoda kirefu cha kupigia pasipoti, mgongo wima, uso mbele, kama ambavyo tumekuwa tukiwaambia watu wakae miaka yote. Kisha akasema maneno ambayo nadhani aliyapanga njia nzima kutoka nyumbani. "Arobaini ya Sakina ni keshokutwa. Nataka picha yake moja. Ya kule kisiwani. Nyingine sitaki."

Sakina alifia Kanada. Aliumwa muda mfupi, na sisi wa huku tulimzika kwa simu. Mama aliishika kwa mikono miwili, sie wengine tukainama nyuma ya mabega yake, tukaona theluji, makoti meusi, watu tusiowajua. Halafu mtandao ukakatika na picha ikaganda kwenye mgongo wa mwanamume mmoja aliyeshika koleo. Mpaka leo nikifumba macho nimkumbuke rafiki yangu, mgongo wa yule mtu unanitangulia. Nilikuwa nikijiuliza kama kwa Mama ni hivyo hivyo, na siku zote niliogopa kumuuliza. Mchana ule nikapata jibu bila kuuliza. "Za harusi ninazo," akasema. "Za Kanada ninazo, na koti, na gari, na theluji. Zote anacheka kile kicheko cha kumridhisha mpiga picha. Mie ni mke wa mpiga picha, nakijua. Lakini kabla hajazidiwa aliniambia kwenye simu, Mama, siku nilizofurahi sana ni zile za kisiwani na Waza. Sasa nataka kumwona siku hizo. Nataka uso wake akiwa amefurahi, basi." Nikamwambia sawa, Mama, nitatafuta. Aliponiachia mfuko wa chevda na kuondoka, nilikaa kwenye kigoda kile kile chenye joto lake nikijua kabisa kwamba picha hiyo haipo.

Habari za kwetu nitaziacha. Watu wangu wako Upareni, wazima, na hawahusiki. Jina langu ni Eliwaza, ambalo Sakina alilikata kichwa siku ya kwanza tuliyokutana. "Eli wa nini? Wewe ni Waza tu. Tena kutwa." Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka ule, nina shahada ya sosholojia na chumba cha kupanga Vingunguti, karibu na machinjio, ambako mtu huamshwa na ng'ombe na kulala na harufu yao. Nilikuwa naomba kazi. Na kila nilipokosa kazi niliamini kwamba kosa lilikuwa kwenye picha ya pasipoti, kwamba kuna kitu usoni mwangu kilichomfanya mtu wa ofisini aweke barua yangu pembeni, kwa hiyo kila maombi mapya nilikwenda Chang'ombe kupiga picha mpya. Studio ilikuwa kati ya gereji na duka la mabati. Msichana wa kaunta, mtoto wa mwenye studio, alikuwa rika langu, amejifunga hijabu ya rangi ya zambarau. Safari moja alizipanga picha zangu zote mezani, moja baada ya nyingine, akazitazama, akasema, "Sista, hizi zote ni sura moja. Hii umetoka kushtuka, hii unaelekea kushtuka." Nikacheka mpaka nikalia kidogo. Akaniambia kama sura ndiyo ishu, nihamie nyuma ya kamera, huko hakuna anayeitazama. Baba yake alikuwa anatafuta msaidizi. Ndivyo nilivyopata kazi.

Studio ile nyuma ilikuwa na chumba kirefu kisicho na dirisha, chenye taa mbili kubwa na feni iliyozimwa kila tulipopiga picha ili isipeperushe mitandio. Ukutani palining'inia pazia la kuchorwa kwa mkono: ngazi za kasri, bustani, na bwawa lenye ndege weupe ambao mchoraji alikusudia wawe wa kifahari lakini walitoka bata. Wahitimu wa vyuo walikuja na majoho yao, wakaona wale bata, wakaondoka. Studio nyingine zilikuwa zimeanza kuchapisha mapazia makubwa ya plastiki, kama mabango ya barabarani, yenye ufukwe na minazi. Sakina alizunguka Temeke nzima akarudi amechukia. "Wote wamepakua ufukwe mmoja mtandaoni. Mnazi ule ule umeinama vile vile. Mtu wa Mbagala na mtu wa Tandika wamepiga picha pwani moja na hiyo pwani sijui iko nchi gani. Sie tutafute yetu." Nyumbani kwao walikuwa mezani wakati aliposema hivyo, nami nilikuwapo kwa sababu Mama alikuwa hakubali niondoke bila kula. Nani, mama yake Mama Sakina, kwao Wahindi bibi mzaa mama huitwa hivyo, akaacha kukata limau. "Mnatafuta kisiwa? Nendeni kwetu." Baba yake alikuwa na duka Kirumbani, kisiwa kidogo kusini, mbali na njia za watalii na mbali na kila kitu, na yeye alizaliwa huko nyuma ya magunia ya mchele. Alikuwa hajarudi tangu utoto. Baba Sakina akakubali, mradi Nani mwenyewe aende nasi.

Nilijua sababu nyingine ya kukubali. Posa ilikuwa imekuja kutoka Kanada. Kijana wa familia wanayoifahamu, ana kazi nzuri, hana neno baya lolote. Sakina alikuwa hajasema ndiyo wala hapana, na wazazi wake, ambao si watu wa kulazimisha, walimwachia nafasi afikiri. Kisiwa kilikuwa hiyo nafasi. Mimi nilikuwa na mambo yangu ya kuogopa: boti, papa, kamera ya watu, na wazo kwamba nikirudi bila picha nzuri nitarudi Vingunguti kuandika barua za maombi. Boti ya mashine tulipanda Kisiju. Nani aliketi katikati juu ya mto wake aliotoka nao nyumbani, akila achari ya embe kwa kidole, na mimi nilitapika. Tulipofika, maji yalikuwa yametoka, boti haikuweza kusogea karibu, tukashuka na kutembea majini. Sakina akaruka wa kwanza, na simu yake ikaruka naye. Ilitoka majini imekufa. Nilianza kuhesabu kichwani picha zote zilizopotea, namba zote, nikaingiwa na simanzi kwa niaba yake. Yeye aliitikisa sikioni kama mtu anayesikiliza yai, akasema, "Basi, hakuna wa kunipigia," na nikaona mabega yake yameshuka, kama mtu aliyetua mzigo.

Tulifikia kwa Bi Mwanakombo, mjane aliyekuwa na nyumba ya udongo ya vyumba viwili, paa la makuti, sakafu ya baridi. Chumba chetu kilikuwa na kitanda cha kamba, neti yenye viraka vya kitambaa cha maua, na rafu iliyopangwa vikombe vya kaure ambavyo hakuna aliyevitumia. Mwenyeji wetu aliposimama mlangoni kutupokea alimtazama yule mzee wa Kihindi aliyelowa mpaka kiunoni. "Karibuni, karibuni. Na bibi huyu anaitwa nani?"

"Nani," Sakina akajibu.

"Ndiyo nauliza. Nani?"

"Nani."

Bi Mwanakombo akanigeukia mimi, taratibu. "Mwenzio huyu ni mzima?"

Tulicheka kwa sababu hiyo siku zote tulizokaa pale, na hao wawili wakawa marafiki. Vile vikombe vya rafuni vilitoka kwenye duka la baba yake Nani. Mama yake Bi Mwanakombo alivinunua kimoja kimoja, kila alipopata. Duka lenyewe lilikuwa limebaki kizingiti tu. Nani alikwenda akakikalia asubuhi nzima, mtandio wake mweupe ukipepea, akiwaambia wanawake wanaopita kwamba hapa palikuwa na sukari, pale mafuta ya taa. Chakula tulikula chini, mkekani. Pweza wa nazi, muhogo, mkate wa kumimina asubuhi na chai ya tangawizi. Sakina alipenda ukoko, ule uliogandana chini ya sufuria ya wali, na Bi Mwanakombo alipogundua akawa anaunguza wali makusudi. "Mtoto wa tajiri anakula ukoko," alimwambia Nani. "Kwenu hamna?" Nani akamjibu, "Kwetu kuna sufuria isiyoshika. Hata ukoko imetunyima."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Pazia la studio lazima liwe tupu, kwa sababu mteja ndiye atakayesimama mbele yake. Nilihitaji mchanga bila mtu, minazi bila mtu, bahari bila mtu. Lakini Kirumbani hakuna mahali pasipo na mtu. Nikisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, watu walikuja kutoka kila upande, wakajipanga mbele yake, wakajifunga kanga upya, wakatulia. Kwao picha ni ya mtu. Waliponisikia nikisema napiga mandhari, walitazamana. "Mchanga huo una nini?" mama mmoja akauliza. "Mchanga ukipigwa utacheka?" Nilisimama nikifikiria namna ya kuwaondoa bila kuwadhalilisha kwenye ardhi yao wenyewe, na kila sentensi niliyoitunga ilionekana ya dharau, na wakati nikitunga jua lilikuwa linapanda na vivuli vinakwisha. Sakina akapita mbele yangu, mikono juu. "Jamani mama zangu, tupisheni kidogo. Kisiwa kinapiga pasipoti!"

"Kinasafiri kwenda wapi?" yule mama akauliza.

"Chang'ombe!"

Wakacheka, wakapisha. Kuanzia hapo ikawa ndiyo kazi yake. Alitangulia mbele yangu akisafisha kila ninapoelekeza kamera, na maneno yale yakawa ya kisiwa kizima. Wanawake walikuwa wakiambiana wenyewe, toka hapo, kisiwa kinapiga pasipoti. Nilipomaliza sehemu yangu tuliwapiga na wao, mmoja mmoja na familia nzima, na Sakina akawa anawapanga, anawafuta jasho, anambeba mtoto anayelia nje ya picha ili mama yake atulie. Nilimwambia aingie na yeye. Zaidi ya mara moja nilimwambia. "Mie?" akasema. "Mie nimepigwa picha toka nizaliwe. Kila taa mpya ikija kwetu inajaribiwa kwangu. Niache nikae upande usio na taa." Na ni kweli, picha hizo zipo, maboksi, Sakina wa kila umri amekaa kwenye kigoda, uso wa kungoja ziishe. Kwa hiyo alikaa upande wangu. Kila picha niliyopiga Kirumbani yeye alikuwa nayo karibu, pembeni kidogo ya mahali macho ya kamera yanapoishia.

Mchana kisiwa kizima kilikuwa kinalala. Siku moja baada ya chakula tulijinyoosha kwenye kitanda cha kamba, joto limekaa juu yetu kama mtu wa tatu, na barazani wazee wawili wakidhani tumelala walikuwa wanazungumza. "Anaogopa," Nani alisema. "Hata mie niliogopa." "Kwani huyo mume ana nini?" "Hana kitu. Ana adabu, ana simu mbili." "Ah. Mwanamume wa simu mbili humjui anaongea na nani." "Na mie kila wiki anaongea," Nani akasema, na walichukua muda kuelewana, kisha wakaanza kucheka kicheko cha kujizuia, cha puani. Sakina pia alikuwa anacheka, nilihisi kitanda kinatikisika. Kisha kikaacha. Akanigeukia. Uso wake ulikuwa karibu sana, alama ya mkeka shavuni.

"Waza. Ungekuwa wewe, ungekwenda?"

"Usiende," nikasema.

Lilitoka hivyo hivyo, lote, bila hata kuvuta pumzi. Akanyanyuka kwa kiwiko. "Ee! Leo hujawaza!" Akanitazama kwa furaha ya kweli, kama mtu aliyeona kiwete anacheza ngoma. Kisha akauliza polepole, "Umesema kwa ajili yangu au kwa ajili yako?" Hapo ndipo nilipoanza kuwaza, na mpaka leo sijamaliza. Nilikuwa na rafiki mmoja tu mji ule. Yeye hakungoja jibu. Akalala tena chali, akitazama makuti. "Nitakwenda," akasema. "Hakuna anayenilazimisha, na yeye si mtu mbaya, na mie nataka kuona huko kukoje. Nilikuwa nataka tu mtu mmoja aniambie usiende. Wote wananiambia amua mwenyewe, amua mwenyewe. Sasa nimeshaambiwa." Akanishika mkono, akalala. Kweli alilala, alikoroma. Mimi nilibaki nikitazama vile vikombe vya kaure, mkono wangu ukifa ganzi, nikiogopa kuuvuta.

Siku ya kuondoka nilikuwa bado sijapata picha. Nilikuwa na nyingi nzuri, lakini ile ya pazia, pana, yenye nafasi chini ya mtu kusimama, sikuwa nayo. Asubuhi ile bamvua lilikuwa limevuta maji mbali kuliko siku zote, na mchanga umebaki laini, mweupe, umelowa, haujakanyagwa na kiumbe, unapinda taratibu mpaka kwenye jiwe kubwa jeusi, na nyuma yake bahari. Nilisimamisha kamera haraka. Na kutoka nyuma ya lile jiwe akatokea mbuzi. Akasimama katikati ya picha yangu, akanitazama. Ukiishi Vingunguti unawajua mbuzi. Nilijua huyu hatoki. Kabla sijasema kitu Sakina alishakimbia, anakatiza ule mchanga wangu safi, kanga ya Bi Mwanakombo kiunoni, anapiga kelele, "Wewe! Kisiwa kinapiga pasipoti!" Nikapiga kelele na mimi, "Umeharibu mchanga! Sakina! Nyayo!" Alikuwa ameshamkamata mbuzi kwa pembe na kumvuta nyuma ya jiwe. Nyayo zake zilibaki, mstari mmoja, kutoka miguuni pangu mpaka jiweni. Na wingu lilikuwa linakuja. Nikasikia sauti yake kutoka nyuma ya jiwe, inahema, inacheka.

"Naonekana?"

"Huonekani!"

"Na mbuzi?"

"Haonekani!"

"Haya piga!"

Nikapiga. Wingu likafunika jua, na maji yakaanza kurudi.

Tulipokuwa tunaaga, uani kwa Bi Mwanakombo palikuwa pamechafuka. Makumbi, majivu, vifuu vya nazi ya asubuhi, nyayo zetu zote za kwenda na kurudi kisimani. Nilichukua ufagio nifanye adabu. Akaninyang'anya. "Weye mwana, unataka kutufukuza? Mtu akisafiri hafagiwi nyuma. Ukifagia nyayo zake harudi. Uchafu wenu utakaa hapo mpaka nijue mmefika." Nani akaitikia kwa kichwa, alilikumbuka hilo kutoka utotoni. Akapewa kikombe kimoja cha kaure akifunge kwenye mtandio. Wale wazee wawili hawakukumbatiana, waliambiana tu mambo ya kawaida, angalia hilo jiwe lina utelezi, haya, haya, mpaka boti ikawa mbali na sauti zikashindwa.

Chang'ombe nilikaa mbele ya kompyuta nikaanza kusafisha picha. Kamba fulani, chupa ya plastiki, alama za kwato za mbuzi, kisha nikaikuza sehemu ya mchanga nianze kuzifuta nyayo. Kazi ya muda mfupi tu. Sakina alikuwa nyuma yangu anakula chevda. Akaweka mkono juu ya mkono wangu. "Usinifagie," akasema. Nikamwambia pazia haliwezi kuwa na nyayo, wateja watauliza. "Waache waulize. Mie nasafiri, Waza. Bi Mwanakombo kasemaje?" Alisema kwa utani, mdomo umejaa. Kwa hiyo tukaziacha. Pazia likachapishwa kubwa, likaning'inizwa mahali pa wale bata, na sehemu ya chini ya mchanga ikatandazwa sakafuni ili mteja asimame juu yake. Wahitimu walirudi. Maharusi wakaja, watoto wa kipaimara, akina mama wa Idi. Wote waliuliza huku ni wapi, na wote walisimama juu ya nyayo. Mwaka haujaisha, Sakina akaolewa, akaondoka. Siku ya ndege alipita studio kuniaga akiwa na koti jipya zito mkononi, katika joto lile la Chang'ombe, akasema feni yenu inalia, ipakeni mafuta. Sikufagia kutwa nzima. Sikufagia na kesho yake, mpaka aliponitumia ujumbe: amefika, kuna baridi, hakuna ukoko.

Nayaandika haya na sijui niyaweke wapi. Ile siku Mama alipokuja nilifungua kila kitu tulichohifadhi cha Kirumbani, nikapitia picha moja moja mpaka jioni na asubuhi yake tena. Niliona kiwiko ambacho kingeweza kuwa chake. Niliona kivuli chenye mtandio juu ya ukuta wa udongo, nikakitazama mpaka macho yakaniuma, kikawa cha Nani, ambaye naye tulishamzika. Niliwaza kumwambia Mama kwamba diski imeharibika. Niliwaza kuchukua uso wake kutoka picha nyingine niupandikize ufukweni, jambo ambalo ningeweza kulifanya vizuri kiasi kwamba hakuna mtu mwingine angegundua. Lakini huyu ni mke wa mpiga picha, na ni mama yake.

Alikuja siku iliyofuata, saa ile ile. Sikumpa nafasi ya kukaa. Nikamwambia yote hapo hapo mlangoni: simu iliyoingia maji, kazi yake ya kuwaomba watu wapishe, kwamba nilimwita akakataa, kwamba hayumo. Alinisikiliza bila kubadilika uso. "Hayumo kabisa?" akauliza. "Hata kwa mbali?" Nikamwambia kuna kitu kimoja, lakini si uso. Nikampeleka chumba cha nyuma, nikawasha zile taa kubwa.

Mama ameliona pazia lile miaka yote. Lakini siku zote kulikuwa na mteja juu yake, na mteja ndiye anayetazamwa. Nikamwonyesha chini. Plastiki imechakaa pale katikati, viatu vya watu vimeupausha mchanga, ila nyayo bado zipo, zinaanzia sakafuni, zinapanda na picha ukutani mpaka kwenye jiwe. "Hizi?" akasema. "Hizi mie nilidhani uchafu. Niliwahi kumwambia msichana wa usafi azisugue." Akainama, akashika magoti, akaweka kidole kwenye unyayo mmoja wa kulia, ambao umetazama nje, hauendi sawa na mwenzake. Akahamia unaofuata wa kulia. Nao umetazama nje. Sakina alianguka ngazi za nyumbani alipokuwa mdogo na mguu ule haukurudi sawasawa. Alikuwa akitembea hivyo maisha yake yote, tulimtania kwamba yeye ndiye bata aliyebaki studio.

"Huyu," Mama akasema. "Huyu hapa. Alikuwa anakimbia."

"Ndiyo, Mama. Anakimbia."

"Anacheka?"

"Anacheka, Mama. Kwa sauti."

Akazifuata kwa macho mpaka jiweni. Nilimwona anaona kile ambacho mimi nimekiona kila siku tangu simu ile ya Kanada, kwamba zinakwenda tu, hakuna zinazorudi. Akauliza, "Kaenda wapi?"

"Yuko nyuma ya jiwe," nikasema. "Hapo hapo kwenye picha. Amemshika mbuzi pembe. Ananingoja nimalize kupiga."

Sauti iliyomtoka sikuweza kujua mwanzoni ni ya nini. Alikuwa anacheka. Alicheka, akasema "mbuzi," akasema tena "mbuzi," kisha akakaa chini kwenye mchanga wa plastiki na kulia, na mimi nikakaa naye, na feni ilikuwa imezimwa, na nje mtu wa gereji alikuwa anagonga bati. Tulikaa hapo mpaka kugonga kukaisha.

Alipoinuka alijifuta, akarekebisha mtandio. Akavua viatu. Akaniambia nimpige. Wateja wote husimama katikati, juu ya nyayo, kwa sababu ndipo taa zinapokutana. Mama alisogea pembeni, akasimama peku kando ya ule mstari, akaacha katikati wazi, na mkono wake mmoja ukabaki umetoka mwilini kidogo, upande ule. Nikaenda nyuma ya kamera. Alikuwa anatazama jiwe badala ya kunitazama mimi.

"Naonekana?" akauliza.

"Unaonekana, Mama."

"Haya piga."

Nikapiga. Alipoondoka nilimtazama mpaka alipokata kona ya duka la mabati. Nikarudi ndani, nikazima taa, na ufagio nikauacha nyuma ya mlango.